Topkapı au Dolmabahçe? Kasri la kuingia ukiwa na siku moja Istanbul

Mzigo umeshafungwa. Marobota yamepimwa, agenti wa kago kakupa risiti, ndege ni kesho alfajiri, na wewe umekaa chumbani Laleli unatazama ukuta. Tunaokwenda Istanbul kufuata nguo tunaijua siku hiyo. Wengi huimaliza kwa kulala, au kwa kurudi dukani kuongeza mashati ambayo hayakuwemo kwenye hesabu. Mimi nilifanya hivyo safari tatu. Ya nne nikasema potelea mbali, leo naingia kwenye kasri la masultani. Nikaambiwa yako mawili makubwa, na tiketi zake si za kuchezea. Nikabaki nimeduwaa na kikombe cha chai.

Ukoo ni mmoja, wa Waosmani, kiti cha enzi ni kimoja. Sultani Mehmed II, aliyeuteka mji mwaka 1453, ndiye aliyeanza kujenga Topkapı miaka michache baadaye, na wajukuu na vitukuu wakakaa humo kwa karne nne hivi. Mwaka 1856 Sultani Abdülmecid I akahamisha makazi kwenda Dolmabahçe, nyumba mpya aliyoijenga ufukweni kwa miaka 13. Kwa hiyo huchagui kati ya falme mbili. Unachagua kati ya nyumba waliyohama na nyumba waliyohamia.

Nimeingia yote mawili, kwa safari mbili tofauti, na nimeyapima kwa mambo haya: wepesi wa kufika, jengo lenyewe, mali inayoonyeshwa, habari za watu walioishi humo, halafu miguu, muda na pochi. Suala la lipi zuri zaidi naliacha kando, kwa sababu ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kubishana juu yake mpaka chai ipoe.

Kufika

Kwa aliyeshukia Laleli habari ni njema: yote mawili yako kwenye njia moja ya tramu, T1, na kadi ya Istanbulkart inatosha. Ila sikiliza vizuri. Kwenye T1 kuna kituo kinachoitwa Topkapı, na hakina uhusiano wowote na kasri. Jina hilo maana yake ni lango la mzinga, na kituo kile kipo kwenye kuta za kale upande wa magharibi, kilomita kadhaa kutoka kasrini. Mimi nililiona jina kwenye ramani ya vituo, nikapanda tramu ya kwenda Bağcılar kwa kujiamini kabisa, nikashuka, nikajikuta nimezungukwa na barabara kuu na ukuta mbovumbovu. Nikamuuliza mzee mmoja, "Topkapı?" Akanionyesha chini ya miguu yangu: ndiyo hapa. Nikasema, "Saray?", yaani kasri. Yule mzee alicheka mpaka akashika kofia, kisha akanyoosha kidole huko huko nilikotoka.

Kwa hiyo kutoka Laleli panda tramu ya kwenda Kabataş. Ukitaka kasri la Topkapı, shuka Sultanahmet, au Gülhane kama huogopi kupanda kilima. Ukitaka Dolmabahçe, tulia kitini mpaka Kabataş, mwisho wa njia, halafu tembea dakika chache kandokando ya bahari. Utapita msikiti, utaona mnara wa saa, umefika. Topkapı hufungwa Jumanne, Dolmabahçe hufungwa Jumatatu. Ziandike siku hizo mkononi.

Jengo lenyewe

Ukienda Topkapı ukitarajia jumba moja kubwa la ghorofa lenye nguzo mbele, utasikitika. Ni ua baada ya ua, nne kwa jumla, na ndani yake vibanda, vyumba, jiko, maktaba, bustani. Wanaojua huifananisha na kambi ya mahema iliyogeuka mawe, na ukiitembea unaelewa kwa nini. Utaratibu wake ni wa milango. Ua wa kwanza mtu yeyote aliingia, na hata leo unaingia bila tiketi. Lango la pili, lenye minara miwili iliyochongoka, hakuna aliyelipita juu ya farasi isipokuwa sultani. La tatu hulipiti bila ruhusa. Kila ukisogea, watu wanapungua na siri zinaongezeka.

Msemaji wa Kiswahili ana faida moja humu ambayo mtalii wa Ulaya hana: maneno. Chumba cha baraza la mawaziri kinaitwa Divan, na sisi tuna diwani. Walinzi wa bustani waliitwa bostancı, sisi tuna bustani, ingawa hawa wa kwao, pamoja na kupalilia maua, walikuwa pia ndio wanyongaji. Hazina wao husema hazine. Lango huitwa bab, na wa Unguja hawahitaji kuelezwa hamamu ni nini.

Ndani ya Divan, inua macho ukutani. Kuna dirisha dogo lenye nondo za dhahabu, juu ya mahali alipokaa waziri mkuu. Sultani angeweza kuwa nyuma yake anasikiliza, au asiwepo kabisa, na mawaziri hawakuwa na njia ya kujua. Nilisimama pale nikawaza vikao vyote nilivyowahi kukaa. Sijaona kifaa cha nidhamu kilicho rahisi kuliko kile.

Upande wa pili wa ua huo ni majiko, yenye safu ya mabomba ya moshi, yaliyojengwa upya na Mimar Sinan baada ya moto wa mwaka 1574. Yalilisha maelfu ya watu kwa siku, wakiwemo askari wa Janissari, na askari hao walipoukataa utawala walitangaza kwa namna yao: waliyapindua masufuria makubwa ya chakula. Kwa msomaji wa Kituruki hiyo ni desturi ya kale. Kwa sisi tuliozoea kusikia neno mapinduzi redioni, unaiona sufuria ikienda kichwa chini na neno linarudi kwenye maana yake ya kwanza.

Humo majikoni ndimo zinamowekwa sahani za Kichina, zaidi ya 10,000. Zitafute zile za kijani kibichi cha kufifia. Waliamini kwamba chakula chenye sumu kikiwekwa humo sahani hubadilika. Na kama umewahi kufika Kilwa au Gedi, utasimama mbele ya kabati ukitabasamu, maana vigae vya vyombo vya aina hiyo hiyo vimeokotwa kwenye magofu yetu. Biashara ilipita kwetu pia.

Dolmabahçe ni kinyume cha hayo yote. Hapa jumba ni moja, limelala kando ya mlango-bahari wa Bosporus, jeupe, refu, na ndani yake mna vyumba 285 na kumbi 46. Lilichorwa na Garabet Balyan na mwanawe Nigoğayos, wa ukoo wa wasanifu Waarmenia waliowajengea masultani. Mito ya kukalia chini imeondoka, viti vya Kifaransa vimeingia. Jina lake ni tamu kwa aliyewahi kula dolma, ile mboga iliyoshindiliwa wali: dolma ni kilichojazwa, bahçe ni bustani. Hapo palikuwa na ghuba, ikafukiwa, ikawa bustani, ndipo likaja kasri.

Vitu viwili humo vitakusimamisha. Kwanza ni ngazi zilizopinda kama kwato ya farasi, zenye vishikizo vya kioo cha Baccarat. Pili ni ukumbi wa sherehe. Kuba lake lina urefu wa mita 36, na katikati inaning'inia taa ya vioo yenye uzito wa tani 4.5 na balbu 750. Nilijitahidi kutosimama chini yake. Kwa miaka mingi watu walisimuliwa kwamba ni zawadi ya Malkia Victoria, mpaka ikapatikana risiti: sultani alilipa mwenyewe.

Hazina

Hapa ndipo wengi hukosea kuchagua, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Hazina yenyewe, ile ya kabati na kufuli, iko Topkapı, katika vyumba vya banda la Mehmed kwenye ua wa tatu. Inasimuliwa kwamba Sultani Selim I aliijaza mali, akaagiza ifungwe kwa muhuri wake mpaka atokee mrithi atakayeijaza kumzidi. Muhuri ukaendelea kuwa wa Selim.

Kuna almasi ya Mtengeneza Vijiko, karati 86, imezungukwa na almasi ndogo 49. Masimulizi ya mjini ni kwamba maskini mmoja aliiokota jalalani, akampelekea muuza vijiko, akapewa vijiko vitatu. Ukweli wake hauthibitiki, lakini siku nikipunjwa dukani huikumbuka biashara hiyo na moyo unatulia. Karibu yake ni jambia lenye zumaridi tatu kubwa kwenye mpini, na kwenye ncha ya mpini kuna zumaridi ya nne inayofunguka kama kifuniko: ndani mna saa. Lilitengenezwa kuwa zawadi ya Nadir Shah wa Uajemi kutoka kwa Sultani Mahmud I. Mwaka 1747, wajumbe wakiwa njiani, Nadir Shah akauawa na watu wake. Zawadi ikarudishwa nyumbani. Ukilitazama, jiulize lilivyofungwa na kufunguliwa mara ngapi bila mwenyewe kuligusa.

Vipo pia vinara viwili vya dhahabu, kila kimoja kilo 48, ambavyo Abdülmecid alivipeleka Hijazi na vikarudishwa Istanbul dola ilipokuwa inapoteza nchi zile. Abdülmecid huyo ndiye aliyejenga Dolmabahçe.

Kisha kuna chumba ambacho kwa Mwislamu huenda kikawa ndiyo safari nzima: amana takatifu, nyingi zikiwa zililetwa baada ya Selim kuiteka Misri mwaka 1517. Humo mna joho linalonasibishwa na Mtume, panga, nywele za ndevu, na vitu vinavyotajwa kuwa vya manabii waliotangulia, ikiwemo fimbo ya Musa. Wanahistoria hawavikubali vyote, na waumini wengi hawaendi pale kwa ajili ya wanahistoria. Qari huketi anasoma Qur'ani, sauti yake imejaa chumba, na watu wanaosukumana foleni huko nje, wakiingia humu wanapoa. Nilimwona mama mmoja amesimama mbele ya kioo, viganja wazi, hajali kabisa kwamba mlinzi anampungia asogee.

Sasa Dolmabahçe. Chumba cha hazina cha namna hiyo hutakikuta. Mali iko ukutani na juu ya dari: hutajwa tani 14 za dhahabu zilizopakwa kwenye mapambo yake. Ukitaka kuona kito kwenye kioo utatoka umenuna. Lakini ukitaka kuona mali ikitumiwa, hapa ndipo, kwenye mazulia ya Hereke, saa za mezani, majiko ya kioo ya kupashia joto vyumba, vitu vilivyobaki mahali pake kana kwamba wenyewe wametoka kidogo. Gharama ya jengo hutajwa kuwa lira milioni 5 za dhahabu. Mwaka 1854, ujenzi ukiendelea na vita vya Krimea vikiwaka, dola ilichukua mkopo wake wa kwanza kutoka nje. Mwaka 1875 ikatangaza kushindwa kulipa. Vita vilikula fedha nyingi, nyumba isibebeshwe lawama yote. Hata hivyo mfanyabiashara akitembea chini ya dari zile hawezi kujizuia kupiga hesabu.

Watu walioishi humo

Topkapı ina Harem, makazi ya wanawake na familia ya sultani, ambayo mlango wake ni ndani ya kasri. Kama tiketi inauzwa kando, inunue. Nyembamba, giza, vigae vya bluu, halafu ghafla chumba cha Murad III chenye maji yanayobubujika ukutani, yaliyokusudiwa kuzima maneno yasisikike nje. Kabla ya kufika huko unapita makazi ya matowashi weusi. Hawa walikuwa watoto wa Kiafrika, wengi kutoka Habeshi na Sudani, waliotekwa, wakahasiwa, wakauzwa. Mkuu wao alifika kuwa miongoni mwa watu wenye nguvu kabisa katika dola na kusimamia mali za wakfu za Makka na Madina. Hacı Beşir Ağa, mzaliwa wa Habeshi, alishika cheo hicho kuanzia 1717 mpaka kifo chake mwaka 1746. Watalii wengi hupita ujia ule mbiombio kuwahi vyumba vya masuria. Wewe usikimbie.

Dolmabahçe habari zake ni za mwisho wa dola. Khalifa wa mwisho, Abdülmecid II, alikuwa akiishi humo Machi 1924 ukhalifa ulipofutwa. Usiku ule ule akatolewa na familia yake, wakapelekwa kituo cha treni cha Çatalca, nje ya mji, wasionekane wakiondoka. Baadaye Atatürk, mwanzilishi wa Jamhuri ya Uturuki, alilitumia kasri kila alipokuja Istanbul, na humo alifariki tarehe 10 Novemba 1938, saa tatu na dakika tano asubuhi. Chumba ni kidogo ukilinganisha na kumbi ulizotoka kupita. Kitanda kimefunikwa bendera nyekundu, na saa imesimamishwa kwenye dakika ile. Waturuki hunyamaza pale. Kaa kimya nao.

Miguu, muda na pochi

Topkapı inakula nusu siku bila haya: saa tatu ukienda haraka, nne au zaidi ukiingia Harem. Ni mawe, miteremko na jua, lakini unakwenda utakavyo, unapumzika bustanini, unaishia kwenye roshani ya marumaru unaitazama bahari. Hapo pana kibanda cha dhahabu ambapo sultani alifuturu. Dolmabahçe yatosha saa mbili mpaka tatu. Unafunika viatu kwa plastiki na kufuata njia iliyozungushiwa kamba, wewe na kundi, hakuna kurudi nyuma kuangalia tena. Mvua ikinyesha utashukuru kuwa ndani. Ukiwa na mtoto mdogo anayetaka kukimbia, utajuta.

Picha: Topkapı, piga nje kadiri upendavyo, lakini si ndani ya Hazina wala kwenye amana takatifu. Dolmabahçe, ndani weka simu mfukoni, na nje kuna lile lango la baharini ambalo kila bibi harusi wa Istanbul anaonekana kulijua.

Bei kwa mgeni ni kubwa kote kuwili na hupanda mara kwa mara, hivyo tazama ya siku yenyewe. Dirishani Topkapı uliza swali moja kabla ya kutoa kadi: Hazina iko wazi leo? Vyumba hufungwa kwa ukarabati, na bila Hazina kasri hilo ni safari nyingine kabisa. Fika mlango unapofunguliwa. Kufikia saa tano asubuhi mabasi ya watalii yameshamwaga watu.

Lipi kwa nani

Kama ni mara yako ya kwanza na una siku kamili, au umefuatana na mama au mjomba ambaye joho la Mtume ni jambo la moyo wake, nenda Topkapı, na umtafutie benchi kwenye kila ua. Vivyo hivyo kwa anayependa vito, vyombo vya kale, au habari za Waafrika waliopita humo.

Kama una saa chache tu mchana, au mvua imeshika, au unapenda majumba, samani na mapambo ya ndani, Dolmabahçe itakutosha na kubaki. Mafundi wa dari za jipsamu na wauza mapazia ninaowajua wangelala humo. Anayefuatilia siasa za karne ya 20 naye aende huko.

Mwenye siku mbili aanze Topkapı, siku ya pili Dolmabahçe, kwa mpangilio wenyewe waliouhama. Kuyabana yote ndani ya siku moja inawezekana; mimi sikushauri, utatoka na miguu tu.

Na kama hesabu ya mzigo imekuacha na nauli peke yake, usilale hotelini. Ingia ua wa kwanza wa Topkapı bure, shuka bustani ya Gülhane iliyokuwa sehemu ya viwanja vya kasri, kaa chini ya miti. Jioni vuka mpaka Üsküdar, halafu panda boti ya kwenda Beşiktaş kwa kadi ile ile ya tramu. Simama ubavu wa kushoto. Nyuma kule, juu ya ncha ya nchi kavu, utaona mnara wa Topkapı. Mbele yako Dolmabahçe yote, jeupe, kutoka lango mpaka lango, na hakuna atakayekukataza kupiga picha.